Risasi za .22 zinazopasua maganda: nyota mbili, na sababu zake

Huku kwetu Mbeya mwenye bunduki ndogo ya .22 hachagui sana. Maduka yenye kibali cha kuuza risasi ni machache, na ukifika na leseni yako unachukua kilichopo. Ndivyo nilivyozipata hizi: maboksi ya risasi hamsini hamsini, .22 Long Rifle, kichwa cha madini ya risasi yasiyofunikwa, cha greni 40, yaani kama gramu 2.6, bei chini ya zile za Ulaya nilizozizoea. Kiwanda sikitaji kwa sababu ugomvi wangu si na kiwanda kizima, ni na toleo hili. Mtu akiniuliza kama anunue, jibu ni hapana.

Bunduki yangu ni Brno ya zamani ya Kicheki, ya bolti, yaani ya kukoki kwa mkono kila risasi, na kazi yake ni kuwinda kanga kule bondeni Usangu kibali kinaporuhusu, na mazoezi ya shabaha. Kwa kazi hizo nahitaji risasi iwake kila ninapovuta, na itue pale ilipotua mwenzake. Hizi zilinishinda kwa yote mawili. Karibu kila magazini ilikuwa na moja inayogoma. Zilizowaka, baadhi zilitoa mlio mfupi uliokatika, risasi ikatua chini ya shabaha, na ganda likatoka limepakaa masizi ubavuni. Nikiliinua juani naona ufa umeanzia mdomoni ukashuka chini kwa urefu wa ganda.

Ganda likipasuka, wengi wetu tunaikimbilia bunduki: chemba (pale ganda linapokaa ndani ya mtutu) imeliwa, ipeleke kwa fundi. Shemeji yangu wa Igurusi naye ana .22, na nilipompelekea hizi alizitia kwenye yake, zikapasuka vilevile. Akaniambia, "Shemeji, hiyo bunduki usiiuze, tatizo si lake." Hata hivyo nilitaka uhakika zaidi. Nilichukua kalamu ya wino mzito nikachora alama upande mmoja wa kila ganda, kisha nikaziingiza alama ikitazama juu kila mara. Chemba ikiwa na mkwaruzo au imetanuka upande mmoja, nyufa zitakaa upande uleule wa alama. Zangu zilikaa ovyo: hii kushoto, ile chini, nyingine juu kabisa. Halafu nikapiga risasi zangu za zamani kwenye mtutu uleule, maganda yakatoka mazima. Hapo kesi ya bunduki ikaisha.

Ili uelewe kwa nini ganda la .22 ni jepesi kuumwa, tazama lilivyoundwa. Risasi hii ipo tangu 1887 na umbo lake halijabadilika kwa mambo ya msingi. Haina fataki katikati ya kitako kama risasi za bunduki kubwa. Dawa ya kuwashia imezungushwa ndani ya ukingo wa kitako, na pini ya bunduki huubonyeza ukingo huo ndipo iwake. Kwa hiyo shaba lazima iwe nyembamba kiasi cha kubonyea. Wembamba huo ndio unaoweka mpaka wa nguvu: Wamarekani wameweka kikomo cha mgandamizo wa gesi cha psi 24,000 kwa risasi hii, wakati bunduki nyingi kubwa za kuwindia huvuka 50,000. Na dawa isipoenea sawasawa ukingo mzima, pini ikigonga palipo patupu, risasi inagoma. Nilizigeuza zilizogoma nikazipiga upande mwingine wa ukingo, nyingi zikawaka. Hilo linaashiria kwamba pini yangu inafanya kazi na dawa ndiyo haikufika kote.

Ufa wa mdomoni mara nyingi ni wa shaba ngumu kupita kiasi. Shaba ya maganda ni mchanganyiko wa shaba nyekundu asilimia 70 na zinki 30. Ikivutwa na kukunjwa kiwandani inakuwa ngumu, na isipolainishwa kwa moto ipasavyo inabaki na mkazo ndani yake. Wenye .17 HMR, risasi iliyotoka 2002 kwa kubana shingo ya ganda la .22 Magnum, wanaijua sana adha hii ya shingo kupasuka.

Hapa nina neno kwa wakulima wenzangu, maana nililiona kwa shemeji. Alinionyesha boksi lake la risasi nzuri, za kiwanda ninachokiheshimu, nazo zina nyufa kabla hata ya kupigwa. Alikuwa analifungia kwenye sanduku la chuma ndani ya stoo ya pembejeo, mifuko ya urea ikiwa pembeni, na banda la kuku nyuma ya ukuta. Urea ikipata unyevu hutoa amonia, na kinyesi cha kuku vivyo hivyo, na amonia ni sumu ya shaba yenye mkazo. Jeshi la Uingereza liliyaona haya India: maganda yaliyowekwa kwenye mazizi ya farasi yalipasuka yenyewe msimu wa mvua, na mwaka 1921 wataalamu wakaeleza kwamba chanzo ni amonia ya mkojo wa farasi. Kwetu huku, kila nyumba ina mfuko wa mbolea na ukungu wa asubuhi. Silaha na risasi zifungiwe ndani ya nyumba ya kuishi, pakavu, mbali na mbolea na samadi.

Kuhusu usalama nitasema wazi. Ufa wa mdomoni unaharibu shabaha na kuchafua chemba, lakini gesi nyingi bado inakwenda mbele. Ukiona ufa au uvimbe kwenye ukingo wa kitako, acha kupiga siku hiyohiyo, maana hapo gesi inarudi usoni kwako. Miwani ivaliwe hata kwa .22. Risasi ikigoma, elekeza mtutu pasipo na mtu na uhesabu sekunde 30 kabla ya kufungua bolti, maana nyingine huwaka kwa kuchelewa. Mlio ukiwa mdogo kuliko kawaida, toa kila kitu uchungulie mtutu: kichwa kinaweza kuwa kimekwama ndani, na risasi ya pili ikifuata mtutu unapasuka.

Kwa haki ya risasi hizi, safisha kwanza chemba kabla hujazihukumu, na kama uko Makete au Njombe kwenye baridi ya Juni, toa grisi nzito ndani ya bolti kwa sababu inapunguza nguvu ya pini. Mimi nilifanya yote mawili na mgomo uliendelea. Nyota mbili nilizotoa ni za vichwa vilivyo safi na mafuta ya nta yasiyokusanya vumbi.

Maboksi ambayo sikuyafungua nilirudi nayo dukani pamoja na maganda yaliyopasuka. Muuzaji aliyatazama, akanakili namba ya toleo kwenye daftari lake, akanibadilishia na ya toleo jingine la kiwanda kilekile. Hayo mapya yanatoka mazima, ingawa mgomo wa hapa na pale bado upo. Ukiwa dukani, tafuta hiyo namba kwenye boksi uisome kabla ya kulipa, na uulize kama wana toleo lingine.