WoRMS: daftari lililounganisha safu zangu tatu

Kazi yangu ni kuhesabu planktoni, viumbe wadogo wanaoelea majini, kwa hadubini, na WoRMS, daftari la mtandaoni la majina ya viumbe wa baharini wa dunia nzima, halifungwi kwenye kompyuta yangu. Linatunzwa na taasisi ya bahari ya Flanders, Ubelgiji, na kutafuta jina ni bure. Kwa upande wa kopepodi, hao ndugu wadogo wa kamba na kaa, sijapata chombo kingine ninachokiamini hivi.

Aliyenifanya niamini ni kiumbe asiyefika milimita moja. Nilirithi jedwali la sampuli za zamani lenye Euterpe acutifrons, Euterpe gracilis na Euterpina acutifrons, kila mmoja na safu yake. Nikichora grafu, wa kwanza anatoweka ghafla na wa tatu anaibuka palepale. Nilihangaika wiki nzima na takwimu za joto na chumvi ya maji. Kisha nikapakia orodha yote kwenye sehemu yao ya kulinganisha majina. Yote matatu yakarudi na jina moja linalokubalika, Euterpina acutifrons (Dana, 1847), na namba moja ya utambulisho, AphiaID. Kumbe nilikuwa nikihesabu mnyama yuleyule kwa majina matatu!

Nikataka kujua kisa chake. Dana, mtaalamu aliyemwelezea mwaka 1847, alimweka kwanza katika jenasi Harpacticus. Ndiyo maana jina lake na mwaka vimo ndani ya mabano, alama kwamba spishi imehamishwa jenasi. Acartia tonsa Dana, 1849 haina mabano kwa sababu haijahama. Mwaka 1863 mtaalamu mwingine, Claus, akaunda jenasi Euterpe, lakini jina hilo lilikuwa limeshapewa wanyama wengine, na kanuni za majina ya wanyama haziruhusu jenasi mbili za wanyama ziitwe sawa. Mtaalamu Norman akaleta jina mbadala, Euterpina, mwaka 1903. Mti wa açaí nao uko katika jenasi Euterpe bila ugomvi wowote, maana mimea ina kanuni zake.

Ila usitegemee daftari hili likutambulishie kopepodi aliye mbele yako. Linajua majina, miguu utaikagua mwenyewe. Calanus finmarchicus na Calanus glacialis hutenganishwa kwa jozi ya tano ya miguu, na mara nyingine hata hiyo haitoshi mpaka DNA ipimwe. Nimeona wanafunzi wakipata jina linalokubalika wakadhani utambuzi wao umethibitishwa, na hilo ndilo kosa ninalolihofia zaidi kwa mtumiaji mpya.

Jedwali langu sasa lina safu ya AphiaID. Majina ya zamani yaliyoandikwa kwenye chupa sikuyafuta. Yako safu ya pembeni, maana ndiyo yanayoonyesha mhesabuji wa wakati ule aliongozwa na kitabu gani.