Usukani, shingo na nguzo ya kiti: kwa mtu wa Malindi, anza na chumvi

Nilitaka kuinua kiti cha baiskeli yangu sentimita moja tu. Sentimita moja! Tukaishia na wanaume wawili kwa fundi kule Barani, mmoja ameikumbatia fremu yangu, mwingine anakinyonga kiti kama anayemwangusha fahali, na mimi nimesimama pembeni mkono mdomoni. Nguzo, lile bomba linalobeba kiti na kuzama ndani ya fremu, haikusogea hata nywele. Fundi akajifuta jasho akaniambia, "Mama, hawa washafunga ndoa. Na talaka yao ni msumeno."

Msumeno ndio uliotoa hiyo talaka. Walikata kichwa cha nguzo, wakapitisha ubapa wa msumeno wa chuma ndani yake, wakaichana kwa urefu polepole wasije wakaijeruhi fremu. Siku mbili. Ilipotoka vipande, tulikuta unga mweupe umejaa kila pahali, na katikati ya unga huo kipande cha kopo la soda.

Hilo kopo lina hadithi yake. Fremu yangu ni ya chuma, nguzo yake unene wa milimita 27.2, na ndiyo niliyoagiza. Muuzaji akanipa ya alumini, 27.0. Nilipolalamika akasema, "Dadangu, hiyo tofauti hata macho hayaioni." Akanifundisha kuizungushia kopo la soda, ambalo bati lake ni kama sehemu moja ya kumi ya milimita, likizunguka pande zote nafasi imejaa. Na kweli ikabana. Sikuona kwamba nimempa maji ya bahari mlango wa kuingilia.

Nimeandika haya kwa sababu tangu nitoe picha za ile nguzo naulizwa ninunue ipi, ninunue ipi. Haya basi. Upana wa usukani: pima mabega yako mfupa hadi mfupa, sentimita 38, 40 au 42, umemaliza. Urefu wa shingo, ile inayoushika usukani juu ya foki: kwa wengi ni kati ya milimita 80 na 120, fundi atakusaidia. Uzito msiniulize. Anayehesabu gramu akapunguze kwanza mahamri.

Mimi nauliza jambo moja ambalo hakuna muuzaji anayeligusa: hiki kitu kitatoka siku nikitaka kitoke?

Alumini ikigusana na chuma, na maji ya chumvi yakikaa katikati, wanakuwa betri ndogo, na anayeliwa ni alumini. Kutu yake si nyekundu, ni ule unga mweupe, nao unataka nafasi kubwa kuliko alumini iliyoliwa. Ndani ya bomba la fremu hakuna pa kuvimbia, kwa hivyo unakaza, unakaza, mpaka ndoa ifungwe. Na huku kwetu chumvi haingoji mvua. Iwe kaskazi au kusi, upepo unatoka baharini. Gongoni watu wanavuna chumvi kwenye mabwawa kwa jua na upepo huu huu unaotupiga sisi tukielekea Mambrui. Ongeza ule mwanya wa fremu chini ya kiti, ambao kwa kawaida unatazama nyuma, na gurudumu linautemea mchanga na maji safari nzima.

Usukani una ugonjwa wake, nao unanitisha zaidi kwa sababu umefichwa na tepu. Jasho la Februari linapenya tepu, linakaa pale kishikio cha breki kinapofungwa, linatafuna alumini kimyakimya. Nguzo ikiganda unapata hasara. Usukani ukikatika ukiwa umeulalia kwenye mteremko, unapoteza meno. Kila ukibadilisha tepu, futa, kwaruza kwa ukucha, tazama. Ukiona vishimo vyenye unga mweupe, huo usukani ufanye kamba ya kuanikia nguo.

Sasa mpangilio wangu, na sijifichi: kwa nguzo na shingo, wa kwanza ni Thomson, wa Macon, Georgia, kule Marekani. Sijalipwa na mtu, laiti wangenilipa. Nguzo yao ya Elite wanaichonga kwa mashine, na tundu la ndani si duara, ni kama yai, kuta za mbele na nyuma zikawa nene pale mzigo unapoelemea. Kipimo kilichoandikwa ndicho unachopata, 27.2 ni 27.2, hakuna kopo. Kiti kinashikwa na bolti mbili, mbele na nyuma, kwa hivyo unapata pembe unayoitaka, si ile meno ya chuma yanayoitaka. Ni ghali, ndiyo. Lakini mimi nimeshalipa nguzo mbovu, siku mbili za fundi na msumeno, na hesabu naijua.

Wa pili ni Ritchey. Huyu anakupa vyote vitatu vinavyooana, na usukani wangu wa sasa ni wake, wa alumini, kiuno chake, pale katikati panaposhikwa na shingo, ni milimita 31.8, kinachokubali shingo nyingi za kisasa. Nitto wa Japani nampenda kwa moyo, kampuni ya tangu 1923, kazi yao inang'aa kama vyombo vya harusi. Ila sukani zao nyingi za mtindo wa zamani ni 26.0 au 25.4, kwa hivyo uoane kwanza na shingo uliyonayo.

Halafu kuna Waitaliano, na Malindi bila Waitaliano si Malindi. Mzungu akirudi kwao anauza friji, pikipiki na baiskeli, na mara nyingine unaangukia usukani au shingo ya Cinelli, Deda au 3T kwa bei ya samaki. Chukua, lakini nenda na kipimo. Cinelli za zamani zina 26.4, si 26.0, na shingo isiyo yake itaukwaruza usukani au itaachia. Na kama shingo ni ile ya kuzamishwa ndani ya foki, ya 22.2, itikise kabla hujatoa pesa. Hiyo nayo hufunga ndoa.

Kaboni? Ndani ya fremu ya alumini inaila fremu, maana hapo kaboni ndiyo bwana. Inataka spana ya kupimia nguvu, kama Nm 5, na mafundi wetu wanapima kwa kukunja uso. Ya mtumba usiiguse kabisa, ufa wake hauonekani.

Zile za bei ya chini zisizo na jina: nimeshasema, kopo la soda.

Chochote utakachochagua, nenda dukani na sumaku. Bolti inayorukia sumaku itaota kutu mapema. Za shingo nilizibadilisha siku ile ile, nikachukua zilizoandikwa A4-80 kichwani, yaani chuma cha pua kinachovumilia bahari, kutoka duka la vifaa vya mashua, maana wavuvi waliujua ugonjwa huu kabla yetu. Za kiti nimeziacha za kiwandani kwa sababu zinabeba mzigo mzito; nazipaka grisi tu. Nguzo ya alumini nayo ipake grisi, ing'oe kila mwezi, ifute, irudishe. Kipande cha tyubu kuukuu kivishwe pale nguzo inapoingia, maji yasiingie. Ya kaboni haipakwi grisi, ina dawa yake ya kuzuia kuteleza.

Wauzaji sasa. Kwa nini bei ni siri? Picha kumi, "orijino" mara tano, na ukiuliza bei unaambiwa njoo faragha. Ukienda faragha unaulizwa uko wapi, ukisema Malindi bei inapanda basi kabla hata ya mzigo. Ukiuliza kipimo unatumiwa picha ile ile. Mmoja aliniambia 27.0 na 27.2 "ni ndugu".

Yule wa kwangu nilimtumia picha ya nguzo iliyochanwa, na unga wake, na kopo lake. Akajibu baada ya siku tatu: "Pole sana dada. Tumeshusha mzigo mpya, nikuwekee?"