OSF kwa data za kumbukumbu tendaji: inafaa, ila usafi wa data ni juu yako

Mtafiti aliyepima kumbukumbu tendaji (uwezo wa kushika taarifa akilini kwa muda mfupi huku ukizitumia) ya wanafunzi wa Ujiji au Kasulu hahitaji seva ya chuo ili wenzake wa mbali wazisome data zake. OSF (Open Science Framework), huduma ya bure ya mtandaoni ya kuhifadhi na kushirikisha data, ya Center for Open Science ya Marekani, inatosha. Mradi wa faragha unapewa GB 5, wa wazi GB 50. Jaribio la kurudia tarakimu (mtoto husomewa tarakimu, kisha huzirudia) haliisogelei nafasi hiyo: watoto 40 kwa maswali 100 ni mistari 4,000, faili lisilofika MB 1, na bando la simu linalipandisha bila shida. Video ndizo zinazosumbua, maana mtandao ukikatika katikati unaanza upya. Zikate vipande kwanza.

Kizuri kuliko vyote ni matoleo. Ukipandisha faili lililosahihishwa kwa jina lilelile, la zamani halipotei. Sehemu ya kuhifadhia, lakini, huchaguliwa wakati wa kufungua mradi na haibadilishwi tena, na Afrika haimo kwenye orodha. Kwa hiyo kabla ya kubonyeza chochote, soma Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya Tanzania ya 2022 inasemaje kuhusu kupeleka taarifa nje ya nchi, na hakikisha fomu ya ridhaa iliwaambia wazazi kwamba data zitawekwa wazi.

OSF haikagui ulichoweka, na hapo ndipo data nzuri zinapoharibika. Excel ikifungua CSV (faili la jedwali la maandishi matupu) yenye jibu 0472 huligeuza kuwa 472, na mtoto aliyepatia anahesabiwa kakosa. Jibu 3-5 linageuka tarehe. Andika 0_4_7_2, itaachwa ilivyo.

Tafadhali usiweke wastani peke yake. Wastani hauonyeshi kama mtoto alisahau tarakimu au alizikumbuka zote akazipanga vibaya, na nadharia za kumbukumbu zinagombana hasa hapo. Weka kila swali: kilichosomwa, kilichojibiwa, nafasi ya kila tarakimu. Kwenye faili la maelezo taja kasi ya kusoma (kwa mfano tarakimu moja kwa sekunde), lugha iliyotumika, Kiswahili au Kiha, kwa kuwa urefu wa maneno hubadilisha idadi inayokumbukwa, na tofauti ya 0 na kisanduku kitupu.

Kiungo cha OSF cha kutazama bila majina huficha majina ya watafiti tu. Yaliyo ndani ya mafaili yanabaki. Tena kufuta jina la mtoto hakutoshi. Mwenye miaka 17 aliye darasa la saba katika shule ya kijijini, kijiji kizima kinamjua. Ondoa shule na kata, umri uandike kwa makundi.

Mwisho chagua leseni, CC0 (yeyote atumie bila sharti) au CC BY 4.0 (atumie kwa kukutaja). Pasipo leseni, mwenzako anaweza kuzitazama data zako lakini hana ruhusa ya wazi ya kuzitumia.