Vikundi vya wahudumu kwenye Smack: uzoefu wangu

Nimejenga mfumo wa gumzo la wateja kwa ofisi moja ya wakala wa forodha hapa Mombasa, upande wa Shimanzi, nikitumia Smack, maktaba ya Java ya XMPP, itifaki ya kutumiana ujumbe papo kwa papo. Kutuma na kupokea ujumbe sina la kusema, kunakwenda vizuri. Ninachotaka kukisifu, na kukinung'unikia kidogo, ni ile sehemu ya vikundi vya wahudumu (workgroup), inayopanga wateja kwenye foleni na kuwagawia wahudumu, ambayo waandishi wengi wa programu hawajui hata kama ipo.

Zamani maswali yote yaliingia kwenye simu moja ya ofisi. Meli ikishusha pale Kilindini, "Bwana, kontena langu limefikia wapi?" zinamiminika. Wahudumu watatu wanamrukia mteja mmoja kama makanga walioona abiria mwenye mizigo, na mwengine anasahaulika hadi alasiri.

Sasa kwenye seva kuna Openfire, programu ya seva ya XMPP, na Fastpath, plagini yake inayoendesha foleni. Mteja akituma ombi kwa joinQueue anaingia kwenye foleni, na QueueListener inamjulisha yuko nafasi ya ngapi na atasubiri kadiri gani. Seva yenyewe humchagua mhudumu na kumpelekea Offer, yaani ofa ya kumhudumia mteja huyo, yenye muda wake wa mwisho. Muda ukipita kimya, ofa inaondolewa kwake na kupewa mwenzake. Akibonyeza kukubali, anaalikwa kwenye chumba cha gumzo pamoja na mteja.

Kilichonikosha zaidi ni kwamba ombi linaweza kubeba taarifa. Mteja anajaza jina, swali na namba ya hati ya shehena, na mhudumu anazisoma kwa getMetaData kabla hajakubali. Swali la ushuru likimfikia mtu wa malori, analisukuma kwa mjuzi wake kwa sendRoomTransfer, mteja haanzi kueleza upya.

Sasa nung'uniko. Intaneti ya ofisi hukatika bila hodi. ReconnectionManager hurudisha muunganisho, lakini mhudumu anakaa kama aliyelala: ofa haziji. Ukiita setOnline(true) haifanyi kitu, kwa sababu AgentSession, darasa linaloshika kikao cha mhudumu, bado inajihesabu iko hewani, na hali isipobadilika hairudii kutuma. Ilibidi nianze na setOnline(false), ndipo true, kisha setStatus yenye idadi ya juu ya magumzo. Fuata mpangilio huo huo: setStatus ukiiita kabla mhudumu hajawa hewani, inakurushia IllegalStateException. Idadi hiyo nayo usiichezee. Kwetu magumzo mawili kwa mtu yanatosha, maana kila jibu lina karatasi za kufunua.

Jambo jingine la kujua mapema: kwenye matoleo ya Smack 4, madarasa haya yamo ndani ya smack-legacy, kwa hiyo usipoiongeza kwenye mradi wako, hutayaona. Jina lenyewe linakwambia nguvu za watengenezaji ziko kwengine. Kama una wahudumu wachache na unataka mazungumzo ya wateja yakae kwenye seva yako mwenyewe, chukua. Maktaba na seva zote ni huria, chini ya leseni ya Apache 2.0. Lakini kama ofisi inataka WhatsApp, simu na barua pepe ziingie foleni moja, hapa utajichosha bure.