Alone: anza na msimu wa 6, na macho yako yafuate mafuta

Sisi wa Bukavu tunaonunua mega za intaneti kila siku, swali la kwanza kuhusu serie ndefu ni kama inastahili kupakuliwa. Hii inastahili, mradi ujue unachotazama. Alone inarushwa na History, kituo cha televisheni cha Marekani, tangu 2015. Kwa kawaida haina timu, haina kura, haina mtangazaji. Watu 10 wanaachwa porini, kila mmoja mahali pake, na kamera anaishika mwenyewe. Kila mtu huchagua vitu 10 katika orodha ya 40. Aliyechoka hupiga simu ya satelaiti na kufuatwa. Anayebaki wa mwisho huchukua dola 500,000.

Wengi huitazama kama mashindano ya kuwinda. Kwangu mimi, yanayoshindaniwa pale ni mafuta. Gramu moja ya mafuta ina kalori 9, ya protini ina 4 tu, na ini lina kikomo cha protini linayoweza kushughulikia kwa siku. Ndiyo maana mtu ananasa sungura kila mara na bado mbavu zinahesabika: nyama ya sungura haina mafuta ya kutosha. Kitanzi chenyewe si kigumu. Waya mwembamba, duara la ukubwa wa ngumi, vidole vinne juu ya ardhi, katikati ya kinjia cha sungura. Kosa ni kutega vitanzi vitatu na kungoja. Vinatakiwa vingi, na vikaguliwe kila siku.

Hesabu hiyo inaonekana wazi zaidi msimu wa 6, kandokando ya Great Slave Lake kule Kanada. Jordan Jonas alimwua kwa mshale mnyama mwenye pembe za matawi, mkubwa kuliko ng'ombe, yule ambaye kwa Kifaransa huitwa orignal. Ungedhani mchezo umekwisha. Lakini akaja mnyama mkali wa ukoo wa nyegere, akaiba mafuta, na hasara hiyo iliuma kuliko kupoteza nyama. Jonas alimwua mwizi huyo kwa shoka na kushinda siku ya 77. Tazama anavyohangaika na mahali pa kuhifadhia: nyama ya kuweka inatakiwa juu, mbali na shina linalopandika, na moshi uipitie.

Kwenye samaki, mtu aliyezoea sambaza, wale samaki wadogo wa Ziwa Kivu, ataona kosa mara moja. Sambaza tunamla mzima, kichwa na tumbo, na huko ndiko mafuta yaliko. Pale unamwona mtu mwenye njaa anatupa kichwa, au anamchoma samaki juu ya moto mpaka mafuta yanadondokea kwenye majivu. Wanaodumu huchemsha: kichwa, macho, ngozi, vyote ndani ya sufuria, kisha wananywa mchuzi pamoja na yale matone ya dhahabu yanayoelea juu. Kwa hiyo mshindani akiacha sufuria nje ya vitu vyake 10, mimi simpi nafasi kubwa.

Moto nao una somo lake. Msimu wa 1, kisiwani Vancouver kwenye mvua nyingi, mshindani mmoja alipoteza kijiti chake cha kutoa cheche na akaondoka siku za mwanzo kabisa. Kifaa kidogo kama hicho kifungwe kamba shingoni. Na kuni za kulala chini huwa zimenyonya maji. Tafuta mti mkavu uliosimama, upasue, utumie moyo wake.

Msimu wa 3, Patagonia kule Amerika Kusini, unaumiza kutazama. Siku ya 86 madaktari walimwondoa Carleigh Fairchild kwa sababu ya kukonda kupita kiasi, ingawa yeye hakutaka kuondoka. Zachary Fowler akashinda siku ya 87. Ninaheshimu kwamba madaktari wana neno la mwisho.

Natoa nyota 4 kati ya 5. Ya tano inapotea kwa sababu picha zilezile zinarudiwa mno, na siku za nyavu tupu zinakatwa, hivyo mtazamaji anadhani samaki wanapatikana kwa urahisi. Kwa mega, ubora wa picha wa 480p unatosha kabisa kwenye simu. Pakua kipindi kizima kwanza, umeme ukikatika katikati hutapoteza kitu. Kiingereza chake ni chepesi, maana mtu anajisemea polepole mbele ya kamera.

Ukimaliza wa 6, nenda wa 7: palepale, dola 1,000,000 kwa atakayefikisha siku 100, na Roland Welker alizifikisha ndani ya nyumba ya mawe aliyojijengea. Wa 12 umepelekwa Karoo, Afrika Kusini. Huko baridi siyo adui mkuu tena, ni ukame, na utaona mbinu nyingi za kaskazini zikigoma.