Namba ya NIDA au barua ya mtaa?

Kibarazani kwetu Ngamiani, Tanga, ubishi huu haukauki: ukitaka kutambulika, utegemee kanzidata ya NIDA, mamlaka ya vitambulisho vya taifa, au daftari la wakazi la mtaa na barua ya mwenyekiti?

Gharama si hoja. Kujisajili NIDA mara ya kwanza ni bure. Kwa uhakika, NIDA iko mbele. Namba ina tarakimu 20, nane za mwanzo ni tarehe yako ya kuzaliwa, na ukisajili laini unaulizwa hiyo pamoja na kidole. Lakini kidole chenyewe! Mjomba wangu ni mvuvi wa Sahare, kamba zimemsugua vidole hadi vinang'aa. Kwa wakala alivipangusa kwa kanga ya shangazi mara tatu. Mara ya nne ndipo mashine ikakubali. Mwenyekiti wa mtaa hahitaji kidole. Anamjua tangu anacheza chandimu.

Herufi ikikosewa daftarini, kalamu inaikata palepale. Kwenye mfumo, andaa cheti cha kuzaliwa na subira. Ila daftari hulala mezani wazi, na majirani tuna macho marefu. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 inakupa haki ya kuomba taarifa zako zirekebishwe, wachache wanaidai.

Unafungua akaunti benki? Namba. Unapanga chumba Makorora au unakwenda kumdhamini mtu? Barua. Na kama huna chochote, anzia kwa mwenyekiti: hata fomu ya NIDA hupitia muhuri wa mtaa.