Datsun 240Z ya Safari Rally 1971: uzoefu wangu na seti ya Hasegawa

Anayetaka jibu kabla ya maelezo, alichukue hili: inunue. Ninazungumzia seti ya kuunda kigari cha plastiki, Datsun 240Z ya Hasegawa, kipimo cha 1/24, iliyotolewa kwa sura ya gari lililoshinda Safari Rally mwaka 1971. Nimeunda vigari vya plastiki vya aina nyingi, vya mashindano na vya barabarani, na hakuna kilichonishika moyo kama hiki. Ila ufahamu mapema kwamba ndani ya boksi kuna nusu tu ya kazi. Nusu ya pili ni rangi, na rangi hutaikuta humo. Maneno yangu mengi yatakuwa juu ya rangi, maana ndiko gari hili linakopendeza au kuharibika.

Kwanza gari lenyewe. Mwaka ule Edgar Herrmann na Hans Schüller walishinda kwa 240Z nyekundu yenye boneti nyeusi isiyong'aa na namba 11 mlangoni. Nyuma yao walikuwa Shekhar Mehta na Mike Doughty, nao pia ndani ya 240Z. Mwaka 1973 Mehta, mzaliwa wa Uganda, akashinda akiwa na Lofty Drews, na ushindi ule wapenzi wa mbio bado wanausimulia. Alilingana pointi za adhabu na Harry Källström, aliyekuwa kwenye Datsun nyingine, 1800 SSS, ikabidi itazamwe ni nani aliyefika mbali zaidi kabla ya kupata adhabu. Baadaye Mehta alishinda tena mara nne mfululizo, kuanzia 1979 hadi 1982. Kwa sisi tuliolelewa na hadithi hizi, Datsun ni gari la nyumbani. Waundaji wengi duniani huinunua seti hii kwa kupenda umbo la Z, boneti ndefu na mgongo unaoteremka taratibu hadi nyuma. Mimi niliinunua kwa sababu ya barabara ambazo gari lile lilipita.

Sasa boksi. Hasegawa ni kampuni ya mkoa wa Shizuoka, Japani, ulikotoka pia Tamiya, kampuni nyingine ya modeli na rangi zake, na ukishika vipande vyake unaelewa kwa nini mkoa ule umepata jina. Bodi imetoka kwenye kalibu ikiwa kipande kimoja. Mistari ya milango ni myembamba na imenyooka, na taa za mbele zimezama ndani ya madigadi vilevile kama kwenye gari halisi. Kwa kipimo hiki kila sentimita moja ya modeli inasimama badala ya sentimita 24 za gari, hivyo Z iliyokuwa na urefu wa mita nne na kidogo inakuwa kama sentimita 17. Inakaa kwenye kiganja, na bado dashibodi yake ina saa unazoweza kuzitambua moja moja.

Boneti haifunguki na injini haimo. Nalitaja kwa sababu najua wapo wanaotaka kuona ile injini ya L24 ya silinda sita, cc 2,393. Kama injini ndiyo furaha yako, tafuta seti nyingine. Mimi naona uamuzi wa kuacha injini umelisaidia gari hili, kwa kuwa boneti inakaa sawasawa bila pengo pembeni, na kwenye Z boneti ndiyo uso wenyewe.

Tuje kwenye rangi. Makopo ya rangi ya kupuliza yana gesi inayowaka, kwa hiyo huwezi kuyaweka kwenye begi la ndege, na posta ya kawaida ya angani haiyapokei. Matokeo yake ni kwamba seti inafika Nairobi, Dar es Salaam au Kampala bila shida, lakini ile rangi nyekundu ya kopo, TS-49 au TS-8 ya Tamiya, unayoiona kwenye video za Wajapani na Waingereza haifiki. Zaidi ya hapo, karatasi ya maelekezo ya Hasegawa inataja rangi kwa namba za GSI Creos, kampuni nyingine ya Japani ya rangi za modeli, ambazo kwetu ni adimu kuliko hata za Tamiya. Wengi wanakatishwa tamaa hapa, seti inabaki juu ya kabati miaka.

Jibu langu lilikuwa Kirinyaga Road, Nairobi. Maduka ya rangi za magari pale yanachanganya rangi yoyote unayotaka, kwa kipimo kidogo, na mengine yanakujazia kwenye kopo la kupuliza. Nilimwambia mzee wa duka kwamba nataka nyekundu ya Datsun ya zamani, isiyo metaliki. Akauliza, "Kijana wangu, ni gari zima au ni mlango tu?" Nilipomwonyesha bodi yenyewe aliitazama kwa muda, akasema hiyo Z aliiona ikipita, kisha akachanganya nyekundu moja na kuongeza tone la njano. Alikuwa na haki. Nyekundu ya miaka ile ilielekea kidogo kwenye chungwa, na nyekundu nzito za leo zinalifanya gari lionekane la kisasa mno.

Lakini rangi ya gari halisi haikutengenezwa kwa ajili ya plastiki hii. Plastiki ya modeli ni polistirini, na thina kali inaila. Uso unageuka kama ngozi ya chungwa, wakati mwingine unapasuka mistari midogo kabisa usiyoweza kuirudisha. Kinga ni mbili. Ya kwanza ni praima, na hapa ndipo ningekushauri utumie pesa, utafute praima iliyotengenezwa kwa modeli. Inauzwa pia ikiwa kwenye chupa, ya kupulizwa kwa bunduki ndogo ya rangi au kupakwa kwa brashi. Ya pili ni subira katika mipako ya mwanzo. Puliza ukungu tu, kutoka umbali wa sentimita 15 hadi 20, uone vitone vimetawanyika na plastiki bado inaonekana kati yake. Thina iruke. Rudia. Ukishapata ngozi nyembamba iliyofunika kote, ndipo upulize mpako ulioloa unaong'aa. Kabla ya yote jaribu kwenye kipande cha fremu, yaani vile vijiti vya plastiki vinavyoshikilia vipande, maana fremu ni plastiki ileile na haina kazi nyingine.

Praima ya chini ya nyekundu iwe nyeupe, au ya waridi ukiipata. Nyekundu ni rangi inayopitisha mwanga, na ya kijivu chini yake inaifanya ifanane na maini. Ni jambo dogo ambalo karatasi ya maelekezo haikuambii, na ndilo linalotofautisha Z inayowaka na Z iliyofifia.

Kabla ya praima, osha vipande vyote kwa sabuni ya vyombo na maji ya vuguvugu ili kuondoa mafuta ya kalibu, kisha pitisha msasa laini juu ya madigadi, mahali kalibu mbili zilipokutana na kuacha mstari. Mstari huo hauonekani kwenye plastiki tupu. Rangi ikishang'aa unauona kutoka mlangoni. Mistari ya milango nayo ipitishe ncha ya kisu au sindano ili iwe na kina zaidi, kwa sababu mipako yote itakayokuja juu itaijaza.

Hali ya hewa inahesabika. Nairobi iko zaidi ya mita 1,600 juu ya usawa wa bahari, na siku kavu rangi inakauka haraka sana. Katika masika, au ukiwa Mombasa na Zanzibar, unyevu unaingia kwenye rangi inayokauka na kuacha weupe kama moshi juu yake. Puliza asubuhi jua likishatoka na hewa imekauka. Kopo la kiwandani liweke kwanza kwenye maji ya vuguvugu, yasiwe ya moto, ili litoe rangi laini. Na tafadhali, vaa barakoa yenye kichujio cha mvuke, ile ya mafundi wa rangi, kwa kuwa kitambaa hakizuii thina. Rangi za 2K zinazochanganywa na hadna zina isosayaneti, sumu ya mapafu. Mimi sizipulizi nyumbani kabisa, na sioni kigari chochote kinachostahili hatari hiyo.

Boneti nyeusi inakuja baada ya nyekundu kukauka kabisa. Tepu ya mafundi ya kawaida ina gundi kali na ukingo wake unavujisha. Tumia tepu nyembamba ya modeli ukingoni, halafu ile ya bei rahisi na magazeti kwa sehemu nyingine. Bonyeza ukingo kwa ukucha. Puliza kwanza mpako mwembamba wa nyekundu ileile juu ya ukingo wa tepu, ndipo nyeusi ifuate. Kinachovuja kitakuwa nyekundu juu ya nyekundu, na mstari unatoka kama umekatwa kwa wembe.

Stika za maji zilinifurahisha. Zinalowekwa kwenye maji ya vuguvugu, zinateleza kutoka kwenye karatasi, na kwa dawa ya kulainisha zinakumbatia kila mkunjo wa mlango. Zibandike juu ya uso unaong'aa. Penye uso mkavu usiong'aa hewa inabaki chini na stika inameta fedha, kwa hiyo hata sehemu nyeusi ipake vanishi kwanza, uweke stika, kisha uirudishie ukavu kwa vanishi isiyong'aa. Vioo vibandike kwa gundi nyeupe ya mbao. Superglue inavifanya vioo viwe na ukungu usiofutika. Kwa urembo wa kromu unaozunguka vioo, kalamu ya kromu inatosha, ingawa karatasi maalumu ya chuma yenye gundi inatoa ukingo safi zaidi.

Hadi hapo una Datsun nzuri, safi, kama ile ya kwenye picha za studio. Wengi wanaishia hapo na kuiweka kwenye kabati. Mimi siwezi. Safari ya miaka ile ilikimbizwa wakati wa Pasaka, masika yakiwa yameanza, na gari lililomaliza bila tope halikuwahi kuwepo. Z inayong'aa kwenye rafu, ikiwa na namba ya Safari mlangoni, naiona kama haijaanza mbio.

Tope lina kanuni zake. Tairi la mbele linarusha nyuma, kwa hiyo tope zito linakaa nyuma ya magurudumu ya mbele na chini ya milango, likipungua kadiri unavyopanda kuelekea madirishani. Nyuma ya gari vumbi linageuka na kurudi, linafunika mlango wa nyuma wote. Paa linapata kidogo. Kioo cha mbele kina nusu duara mbili zilizofagiliwa na waipa. Hizo nilizikata kwa tepu, nikazibandika kwenye kioo, nikapuliza vumbi, nikabandua. Hakuna kitu kingine kwenye modeli hii kilichonipa furaha kama kubandua tepu zile.

Wengi hudhani udongo halisi utafaa. Udongo wa kawaida una chembe kubwa mno, maana chembe ya nusu milimita ni sawa na kokoto ya milimita 12 kwenye gari zima. Kuna njia mbili. Saga chaki laini za kuchorea, za kahawia na chungwa, upate unga, uupake kwa brashi kavu na kuushika kwa vanishi isiyong'aa. Au chukua murram kavu, itwange, ichuje kwenye kitambaa cha nailoni, utumie ule unga unaopita tu. Nilitumia zote mbili, chaki kwa vumbi la juu na murram iliyochanganywa na gundi nyeupe na maji kwa tope la chini. Halafu ukumbuke kwamba murram nyekundu juu ya gari jekundu inapotea. Nililazimika kuongeza chaki ya kijivu na ya maziwa ili vumbi lionekane, na kuweka kidogo ule udongo mweusi wa mfinyanzi ndani ya matao ya magurudumu, kama gari lililovuka mbuga kabla ya kupanda vilima.

Kuhusu gharama, hesabu zaidi ya bei ya boksi. Kuna usafiri, ushuru wa forodha na VAT ya asilimia 16 ukiwa Kenya, na jumla yake inaweza kukaribia bei ya seti yenyewe. Nafuu ni kuagiza pamoja na wenzako, au kumwomba ndugu anayerudi kutoka Dubai au Doha akubebee, maana boksi ni jepesi. Vifaa vya lazima ni vichache: koleo ndogo ya kukatia, kisu chembamba, msasa wa 400, 1000 na 2000, gundi nyembamba ya modeli, tepu. Kinachobaki utakipata Kirinyaga Road, au Gerezani kama uko Dar.

Kwa anayeanza kabisa, singeipendekeza iwe modeli ya kwanza, si kwa ugumu wa vipande bali kwa sababu nyekundu na nyeusi pamoja zinadai mkono uliokwisha zoea kopo. Unda kwanza gari la barabarani la rangi moja, nyeupe ikiwezekana, kisha uje huku. Aliye na uzoefu kidogo asisubiri, kwa kuwa Hasegawa hutoa matoleo kama haya kwa idadi yenye kikomo, yanaisha madukani, na bei ya mkono wa pili inapanda. Kwangu linalofuata ni gari la Mehta la 1973, na praima yake nyeupe nimeshaiagiza.